Mkono wa Kushoto Unatafuta Kazi

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Sisi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tumeshaulizwa mambo hayo mbele ya meza nyingi mno, hata majirani tumekubaliana bila kusemezana kwamba tuachiane. Ninachojua ni kwamba kambi nzima ilimwita Shofere, na kwamba hakuwa na gari. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye aliitika kwa wote sawasawa.

Nyumba yangu na yake zilishiriki ukuta mmoja. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu hukaa barazani, na mbele yake kuna benchi la wateja, ambalo Shofere alilihamia zamani sana. Mteja akija, alimsogezea nafasi kama mwenye nyumba anayepokea mgeni. Nilikuwa nikimtania, "Papa Shofere, benchi langu umeligeuza depo." Naye hujibu, "Depo bila lori, Mama Neema. Ile njo depo ya mubaya kabisa." Tukacheka, nami nikaendelea kushona.

Kazi aliyoitafuta ilikuwa moja tu, kuendesha lori. Kwao alikuwa akitoa mizigo Uvira na kuipeleka Baraka na Fizi kwa barabara ya kando ya ziwa, barabara yenye matope ya kumeza mtu. Alipeleka sabuni, chumvi na mabati, akarudi na mihogo na mafuta ya mawese. Vita vikamtoa, lori la tajiri wake likabaki huko, naye akafika Malawi na leseni ya Kongo ambayo huku haimsaidii mtu. Ni hadithi ya nusu ya kambi hii, ila wengine mahali pa lori waliacha shule, au zahanati, au shamba.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asichague kazi nyingine, maana kazi ni kazi. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, na nadhani sauti yangu ilionyesha.

"Mama Neema," akasema, "kule bantu balikuwa bananingoja. Nikipiga tu honi, bamama banatoka, batoto banatoka. Huku mi njo nangojaka. Nangoja chakula, nangoja jina itoke, nangoja biro bafungue. Mutu ya kungoja hivi si shofere tena. Ni muzigo."

Nikatia uzi kwenye sindano. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka ya kungoja ambayo sikutaka kuifungua siku hiyo.

Kama abiria alikuwa balaa. Vijana wa kabaza, wanaobeba watu kwa baiskeli, walimwona kwa mbali wakageuza. Akikaa nyuma ya baiskeli, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo, na mdomo haupumziki: punguza, kuna shimo, mbona hujapiga kengele, unaingiaje kona hivyo. Kijana mmoja alimshusha njiani akamwambia aendeshe mwenyewe. Shofere alikataa. Alisema mtu aliyezoea magurudumu kumi hawezi kudanganya mwili wake na mawili. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani huku akinung'unika, na mkewe akamwambia kiburi hakina nauli.

Huyo mkewe, Mama Rehema, aliuza nyanya na usipa, dagaa wa ziwa la huku. Ndiye aliyelisha nyumba. Hakuwa mwanamke wa makelele, lakini siku akichoka maneno yake yalipita ukuta wetu mpaka kwangu. "Shofere, batoto habakulaka volani!" Volani kwetu ni usukani. Baadaye mumewe alitoka, akaja kukaa kwenye benchi langu, akaniuliza hali ya cherehani kana kwamba hilo ndilo lililomleta.

Alihudhuria kila semina ya kazi iliyoletwa kambini, na zililetwa nyingi. Walitufundisha kumtazama mwajiri machoni, kutabasamu, kufuata tunachokipenda. Mimi nilienda mara moja, nikaona ninapoteza siku ya kushona. Yeye hakukosa. Siku hiyo niliyokuwepo walifanya mazoezi ya usaili, na mwezeshaji akamuuliza mbele ya wote udhaifu wake ni upi. Shofere akasimama, akavua kofia. Kwetu ukiulizwa jambo kama hilo mbele ya watu uko kanisani, unatoa ushuhuda. Basi akaungama. Alisema alikunywa sana ujanani, kwamba ana wivu akiona mtu mwingine ameshika usukani, na kwamba tangu siku walipomtoa kwenye lori kwa bunduki, tumbo humkata akisikia mlango wa gari ukibamizwa. Watu ukumbini wakaitika "Amen." Mwezeshaji, kijana wa watu kutoka mjini, hakujua aandike nini.

Hiyo ndiyo mara pekee nilipoisikia habari ya bunduki kutoka kinywani mwake. Nilikuwa nimeshamzoea kama mtu wa utani. Nilirudi nyumbani nimejaa huruma, na sikujua niiweke wapi.

Si kwamba alikaa bure. Alifyatua matofali mpaka mgongo ukakataa. Kisha ndugu mmoja wa kanisani akampatia kazi ya ulinzi mjini Lilongwe, mtaa wa Area 25, kwenye nyumba ya mwenyeji aliyekuwa na lori la kubebea mchanga. Hilo lori ndilo lililomponza. Asubuhi moja mwenye nyumba alitoka akamkuta mlinzi wake ndani ya kebini, vioo vimepandishwa, mikono juu ya usukani, gari limezimwa. Mwingine angefukuzwa papo hapo. Yule bwana akacheka, akamuuliza anaenda wapi. Shofere akamweleza kwa Kichewa chake cha kuokoteza kwamba yeye ni dereva. Ilitokea kwamba dereva wa lori alikuwa mgonjwa. Bwana akasema kwanza aone mikono, karatasi zitafuata, akaingia akakaa pembeni yake.

Msomaji ambaye hajavuka mipaka yetu ajue jambo moja. Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, Malawi hupita kushoto. Lori lake la zamani lilikuwa na usukani upande wa kushoto, na gia aliibadilisha kwa mkono wa kulia. Huku usukani uko kulia na gia ni ya mkono wa kushoto. Kulijua hilo ni rahisi. Alilijua vizuri kabisa, ila mwili wake ulikuwa na miaka mingi ya kujua kinyume.

Alitoka getini vizuri. Alifika barabara kubwa vizuri, ingawa gia zilikuwa zinalia. Akalipita basi dogo lililosimama kushusha watu, na hapo, badala ya kurudi kushoto, mikono ikambakiza kulia, upande wa kwao. Alisema kwa dakika hiyo alijisikia vizuri kuliko siku zote tangu aondoke Uvira. Kisha akaona gari linamjia usoni. Bwana akaukamata usukani, lori likapanda ukingo wa barabara likalala juu ya meza ya muuza mboga. Hakuumia mtu. Mwenye mboga alikuwa ameshakimbia.

"Angenitukana, ningepona," Shofere aliniambia. "Aliniambia tu 'pepani, achimwene.' Pole, ndugu yangu. Akashuka, akazunguka, akakamata volani yeye mwenyewe. Mi nikakaa ku pande ya abiria mupaka nyumbani kwake."

Kesho yake aliacha ulinzi mwenyewe, bila kufukuzwa, akarudi Dzaleka. Kwa muda mrefu hakutaja neno lori. Alikuja kwenye benchi akakaa, na akiulizwa na mteja anafanya kazi gani, alijibu kwamba anapumzika. Nilikuwa nikimwangalia nikijiambia kwamba huyu sasa amekwisha. Watu wengi wamekwisha mbele yangu kambini hivyo hivyo, wakiwa wamekaa, wanakula, wanasalimia.

Ndipo mwenye chigayo, kinu cha kusagia mahindi, akampa kazi. Ilikuwa kazi ya maana, karibu na nyumbani, ndani ya kambi, hakuna kibali wala polisi. Mama Rehema aliimba wiki nzima. Shofere alirudi jioni ana unga hadi kwenye kope, na nikasema, Mungu ni mwema, amekubali. Hata msimu haukuisha. Siku moja akaja kukaa kwenye benchi langu saa za kazi.

"Umeumwa?" nikamuuliza.

"Apana. Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Mama Neema, ile mashine inalia tangu asubui na haiendake fasi yoyote."

Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwambia mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nilimwambia kuna wanaume kambini wangeilia kazi ile kwa machozi, na kwamba mkewe anazeeka na beseni kichwani kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine. Aliyasikiliza yote kichwa chini. Mama Rehema alikuja kwangu jioni akalia, nami nikalia naye, halafu tukamenya viazi. Mpaka leo sijui kama nilikosea kumsema. Nadhani nilisema kweli, na yeye naye alikuwa na kweli yake.

Baada ya hapo ndipo yakaanza mambo ya mkono wa kushoto.

Nililiona kwanza kwenye maji. Alikuwa akipampu kisimani kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ameuficha mfukoni. Kisha nikamwona anapigilia misumari kwa kushoto, anajinyoa kwa kushoto, uso umejaa mikwaruzo. Barabarani akawa anatembea ukingo wa kushoto peke yake, hata pale ambapo kivuli chote kiko kulia. Kwenye benchi langu alihamia mwisho wa kulia, akakaa hapo kutwa, mkono wa kushoto ukishuka na kupanda pembeni ya goti lake, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wateja waliniuliza kama mgonjwa wangu anatumia dawa. Mama Rehema alifikiri ni kiharusi.

Kwetu sisi, na kwa wenyeji wetu Wachewa pia, mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Haumsalimii mkubwa, haugusi chakula cha wengine. Shofere alijua hayo na mezani alijichunga. Alisahau kanisani. Jumapili moja tulikuwa tukipanga mstari kwenda kutoa sadaka, ngoma zinalia, na yeye alipofika kwenye kapu akatoa kwa mkono wa kushoto, tena akaurudisha nyuma kwa nguvu kama anayeingiza gia ya pili. Mzee wa kanisa aliyeshika kapu akaona. Ngoma zikanyamazishwa.

"Papa, we mutu muzima," mzee akasema kwa sauti ya wote kusikia, "unamutoleaje Mungu na mukono ya kushoto?"

Shofere akatazama mkono wake kana kwamba umekuja peke yake. "Unisamehe, muzee. Mukono ya kuume ilikuwaka na kazi yake kule. Huku Malawi kazi iko ku mukono ya kushoto. Njo maana naifundisha. Iko inatafuta kazi."

Watu walicheka mpaka mtoto wa mchungaji akaanguka kutoka kitini. Mzee hakucheka. Alimwamuru aichukue sadaka yake, arudi mwisho wa mstari, aje aitoe upya kwa mkono wa kuume. Akaenda, akapanga mstari, akatoa. Kuanzia hapo watoto wakampungia mkono wa kushoto kila apitapo, naye aliwapungia wa kushoto vilevile, kwa sababu, alisema, mazoezi ni mazoezi.

Lakini mkono ulikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa ofisi, biro kama alivyoiita. Sheria ya huku mkimbizi anakaa kambini, na akitaka kufanya kazi nje sharti apate kibali, na dereva juu ya kibali apate leseni ya Malawi. Na mtu huyu aliyepita vizuizi vya wanamgambo na chumvi ya watu nyuma yake, alimwogopa karani. Alinyoosha suruali kwa pasi ya mkaa, akafika mlangoni, akarudi. Safari moja nilikuwa naenda Lilongwe kununua vitambaa, akaomba tufuatane hadi Capital Hill, kwenye maofisi ya serikali. Tulipofika kwenye ngazi akasimama.

"Ingia we, Mama Neema. We unajua kusema."

"Nikaseme mimi ndiye shofere?"

"Sema tu unauliza."

Nikaingia, nikauliza. Mama karani akanijibu kwa upole kwamba mwenye shida aje mwenyewe. Nilipotoka, mwenye shida hayupo kwenye ngazi. Nilimkuta kwenye maegesho katikati ya madereva wa magari ya serikali, boneti limefunguliwa, vichwa vyote viko ndani, yeye anasema Kiswahili, wao Kichewa, na wanaelewana. Ilibidi nimvute shati. Njia nzima ya kurudi uso wake uling'aa. Mama Rehema alipomuuliza biro wamesema nini, alijibu, "Kulikuwa bantu mingi," nami nikaangalia pembeni.

Kuna methali tunayopenda kuwaambia watu wasio na kazi, kwamba mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Nimewahi kumwambia. Alinijibu kwamba kuinama si shida, shida ni kwamba ukiinama sana watu wanafikiri ndicho kimo chako. Siku ile nilidhani ni kiburi chake. Siku hizi nalielewa jibu lake zaidi, maana na mimi nimeshakuwa fundi wa viraka, mtu niliyejifunza kushona magauni ya harusi.

Mwishowe aliingia ofisini. Sikuwepo, alikwenda peke yake bila kumwambia mtu. Alirudi jioni akakaa mwisho wa kulia wa benchi akasema, "Nimeingia." Nikamuuliza wamesema nini. Wamesema angoje. Lakini alisema hivyo kwa sauti nyingine, na akaomba maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili bila kupumua.

Miezi ikapita. Kisha nikasikia Shofere hayupo, amepata kitu Biwi, huko Lilongwe. Aliyempatia ni yule mzee wa kanisa aliyemrudisha mwisho wa mstari. Mzee alikuwa akimsimulia mfanyabiashara mmoja wa Biwi habari za kichaa wa mkono wa kushoto, wakicheka, na yule mfanyabiashara alipomaliza kucheka akasema mletee nimwone. Ni kazi gani, Mama Rehema hakujua kunieleza vizuri. Alijua tu kwamba anarudi kambini kila Jumamosi, na kwamba usiku sasa anapata usingizi.

Nilimwona mwaka huu. Nilikuwa Biwi kutafuta bitana, jua kali, miguu imevimba, nimeshakataliwa bei kwenye maduka yote. Nikasikia, "Mama Neema! Mama Neema!" kutoka nyuma ya ukuta mrefu wenye geti la chuma. Alikuwa amevaa bwelasuti ya bluu, amekonda, mvi zimemjaa. Alinisalimia kwa mkono wa kuume, kwa heshima, magoti yameinama kidogo.

Ndani ilikuwa yadi ya malori ya yule mfanyabiashara, tajiri wake, ambaye alimwita patron. Mengine yanasubiri mizigo, mengine yanasubiri mafundi. Kazi yake ilikuwa kuyaosha na kuyapanga. Lori likiingia, dereva wake anashuka pale getini akaenda kula, na Shofere analichukua, analipeleka linakotakiwa, analitoa la nyuma, analigeuza la pembeni.

"Na kibali?" nikamuuliza.

"Iko ingali kule ku biro. Ya kuosha magari patron alinitafutia, ya kutoka ku barabara bado. Lakini humu ndani ya ukuta hakuna polisi." Akafungua mlango wa lori moja jekundu, refu. "Panda."

Nilisema nimechoka. Akasema ndiyo maana nipande, nikae. Akanisukuma kiwiko nikapanda, akazunguka akapanda naye, mlango ukabamizwa, na nikalitazama tumbo lake bila kutaka. Akavuta pumzi moja. Akawasha.

Aliliondoa lori lile taratibu hata sikujua tumeanza kwenda. Mkono wa kushoto ulishuka kwenye gia na kupanda, hauulizi kitu. Tulipita kati ya malori mawili, mahali ambapo mimi nisingepita na beseni. Tukafika ukuta wa mwisho, akarudi nyuma, akakata, akanyoosha. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nimemjua mtu wa maneno kwa miaka yote ile, na nilipomgeukia niliona uso wa mtu nisiyemjua, mtulivu, mwenye umri wake. Nikaanza kulia, nikajifuta kwa ncha ya kitenge kabla hajaona.

Geti lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya lori lililokuwa likiingia. Likapita, na mbele yetu pakabaki wazi. Barabara ilionekana yote, watu, baiskeli, magari yanapita upande wa kushoto. Shofere akalisogeza lori mpaka pua yake ikafika kwenye kizingiti cha geti. Akasimama hapo, injini inanguruma. Nilitaka aende. Sheria naijua, hatari naijua, na bado nilitaka aende, hata afike tu kwenye kona ile ya maduka, apige honi mara moja. Yeye aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaangalia kulia tena, kama inavyotakiwa huku.

Kisha akarudi nyuma polepole, akalipanga lori mahali pake kandokando ya ukuta, akazima. Aliifuta dashibodi kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sasa shuka, Mama Neema," akasema. "Patron asikukute humu. Mi niko ku kazi."